Miezi 20 bila shindano: msimu uliobadili gofu ya Asia

Wade Ormsby alishinda Hong Kong Open tarehe 12 Januari 2020 kwenye uwanja wa Fanling. Aliongoza tangu raundi ya kwanza hadi ya mwisho, akamwacha kwa mikwaju minne Shane Lowry, ambaye ndiye aliyekuwa anashikilia taji la The Open, moja ya mashindano manne makubwa kabisa ya gofu duniani. Ushindi huo ulimpandisha Mwaustralia huyo kileleni mwa jedwali la mapato la Asian Tour, mzunguko wa mashindano ya gofu ya kulipwa barani Asia, ambalo hupanga wachezaji kwa fedha za zawadi walizoshinda. Novemba 2021 bado alikuwa huko huko kileleni. Si kwamba wenzake walishindwa kumshusha. Hapakuwa na shindano la kumshushia.

Kwenye kumbukumbu msimu huo umeandikwa kwa jina refu la 2020-21-22. Mashindano manane, miaka mitatu ya kalenda. Wengi wakiutaja humtaja Joohyung Kim, kijana wa Korea Kusini aliyeumaliza akiwa kinara na umri wa miaka 19, kisha akahamia Marekani na kuanza kushinda. Simnyimi sifa zake. Lakini kila ninapourudia msimu huu, macho yangu hayaendi kwenye mashindano manane yaliyochezwa. Yanakwenda kwenye pengo lililo katikati yake, kuanzia Machi 2020 hadi Novemba 2021. Naamini hatima ya gofu ya Asia iliamuliwa ndani ya pengo hilo, wakati hakuna aliyekuwa anapiga mpira.

Tuanze na yale yaliyotangulia. Hata Hong Kong Open yenyewe ilikuwa imechelewa. Ilipaswa kuchezwa Novemba 2019, ikasogezwa kwa sababu ya maandamano yaliyokuwa yakiendelea jijini. Wiki moja baadaye Matt Kuchar wa Marekani akashinda Singapore Open pale Sentosa, mbele ya Justin Rose. Mwisho wa Februari mzunguko ukaenda Queenstown, ambako Brad Kennedy alitwaa New Zealand Open. Wiki ya kwanza ya Machi, Trevor Simsby, Mmarekani mgeni kabisa kwenye mzunguko huo, akashinda Malaysia Open pale Kota Permai. Mvua ililikata shindano hadi mashimo 54 badala ya 72 ya kawaida, na ikabidi mshindi apatikane kwa mashimo ya ziada ya kuvunja sare. Siku chache baadaye, tarehe 11 Machi, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Covid-19 imekuwa janga la dunia nzima.

Huyo Simsby huniumiza roho kila nikimkumbuka. Kijana anashinda taji lake la kwanza, anapata haki ya kucheza wiki baada ya wiki bila wasiwasi wa kufuzu, na wiki hizo hazipo.

Swali ninaloona halijajibiwa ipasavyo ni hili: mbona wengine walirudi mapema? PGA Tour ya Marekani ilianza tena Juni 2020. Wazungu wa European Tour wakafuata Julai. Asian Tour ilibaki kimya hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Jibu la haraka ni kwamba nchi za Asia zilifunga mipaka kwa ukali zaidi, na jibu hilo ni la kweli. PGA Tour inazunguka karibu msimu mzima ndani ya nchi moja. Mchezaji wa Asian Tour wiki hii yuko Thailand, wiki ijayo Malaysia, kisha India, na kila nchi ilikuwa na karantini yake. Ukitengwa siku 14 kila unapovuka mpaka, huwezi kucheza mashindano mawili mfululizo.

Lakini jibu hilo halitoshi. European Tour nayo inavuka mipaka, na ilitafuta namna: ikapanga mashindano kadhaa mfululizo katika nchi moja, ikawafungia wachezaji kwenye hoteli chache, ikapunguza zawadi, ikasonga mbele. Iliweza kwa sababu ilikuwa na akiba na mikataba ya televisheni. Asian Tour ilikuwa ikiishi kwa mdhamini wa wiki. Kampuni fulani inaweka fedha zake kwenye shindano moja, mara nyingi milioni moja ya dola au chini yake. Kampuni ikiondoka, shindano limekufa. Hoteli zilipofungwa na ndege zikalala, wadhamini waliondoka kwa pamoja. Kamishna wa mzunguko, Cho Minn Thant, akabaki na jedwali la mapato lisilosogea na orodha ya wanachama wasio na kazi.

Hapa ni lazima tueleze maisha ya mchezaji wa gofu wa ngazi hii, kwani bila hayo mjadala wote unakuwa wa hewani. Hana mshahara. Nauli ni yake, hoteli ni yake, ujira wa anayembebea mkoba ni wake. Asipovuka mchujo baada ya raundi mbili harudi nyumbani na chochote. Aliye nafasi ya 70 kwenye jedwali hapati wafadhili wa binafsi wa kumshikilia mwaka mzima. Miezi miwili bila shindano anaimudu. Miezi 20 inamlazimu atafute kazi nyingine.

Na kuna hasara iliyokuwa inatafuna kimya kimya, ile ya orodha ya ubora wa dunia. Orodha hiyo hukokotolewa kwa miaka miwili inayosogea. Alama unazopata hubaki na thamani kamili kwa wiki 13, kisha hupungua kidogo kila wiki hadi miaka miwili inapotimia na kufutika. Jumla yake hugawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza, ila kigawanyo hakiruhusiwi kushuka chini ya 40. Kwa hiyo anayekaa nyumbani hapumziki, anazama. Orodha ilisimamishwa Machi 2020, lakini mara tu Wamarekani waliporudi uwanjani Juni nayo ikaanza kutembea tena, na alama za watu wa Asia zikaanza kuyeyuka huku wao hawana pa kuchuma nyingine. Hatua hii naiona kuwa dhuluma kubwa kuliko zote za kipindi kile. Kusimamisha hesabu wakati mizunguko mikubwa imelala, kisha kuiwasha pale mikubwa tu ilipoamka, ni kumwambia mchezaji wa Asia kwamba saa ya dunia inafuata ratiba ya wengine.

Angalia yaliyompata Jazz Janewattananond. Mthailand huyu aliumaliza msimu wa 2019 akiwa kinara wa Asian Tour, na mapato yake yalipita dola milioni moja. Alishinda Singapore Open, Korea Open, Indonesian Masters na Thailand Masters ndani ya mwaka mmoja, akaingia kwenye 50 bora wa dunia. Mzunguko wake ulipofungwa, ilibidi atafute riziki Ulaya, na kalenda ya Ulaya ikamfikisha Nairobi. Machi 2021 alikuwa kwenye nyasi za Karen Country Club akicheza Kenya Savannah Classic, shindano lililochomekwa kuanzia Jumanne hadi Ijumaa mara baada ya Kenya Open iliyotwaliwa na Justin Harding. Jazz alifika hadi mashimo ya ziada, akashindwa na Daniel van Tonder wa Afrika Kusini, ambaye mkewe Abigail ndiye aliyekuwa anambebea mkoba. Siku hiyo hiyo, tarehe 26 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuzifunga Nairobi na kaunti nyingine nne. Kinara wa Asia alikuja kutafuta taji kwetu kwa sababu kwao hapakuwa na mataji ya kugombea, akafika siku ambayo hata hapa milango ilikuwa inafungwa.

Sasa twende Phuket, maana huko ndiko mlango ulikofunguka. Thailand ilikuwa imekiruhusu kisiwa hicho kupokea wageni waliochanjwa tangu Julai 2021, na kwa sababu hiyo Asian Tour ilikichagua kurudi uwanjani. Tarehe 25 Novemba wachezaji walianza raundi ya kwanza Blue Canyon, uwanja ambao mwaka 1998 Tiger Woods alimfukuzia Ernie Els kutoka mikwaju minane nyuma na kumshinda. Kesho yake, raundi ya pili ikiwa uwanjani, Shirika la Afya Duniani liliipa aina mpya ya kirusi cha Covid-19 jina la Omicron. Wikiendi hiyo hiyo Johannesburg palikuwa na Joburg Open, na wachezaji wa Ulaya walikuwa wanakimbilia viwanja vya ndege kabla mipaka haijawafungia. Shindano lile liliishia mashimo 36, Thriston Lawrence akapewa taji. Phuket iliponea chupuchupu. Chan Shih-chang wa Taiwan akashinda Blue Canyon, na wiki iliyofuata Phachara Khongwatmai, Mthailand wa miaka 22, akashinda Laguna Phuket Championship.

Januari 2022 mzunguko ukamalizia Singapore. Joohyung Kim alishinda Singapore International pale Tanah Merah baada ya kumbwaga Rattanon Wannasrichan kwenye mashimo ya ziada. Wiki iliyofuata Sadom Kaewkanjana wa Thailand akashinda Singapore Open, Kim akiwa miongoni mwa waliomfuata. Pazia likafungwa tarehe 23 Januari. Kim alikuwa amekusanya zaidi kidogo ya dola 500,000. Jazz alikusanya maradufu ya kiasi hicho ndani ya mwaka 2019 peke yake.

Ziweke sasa orodha mbili za washindi pamoja. Kabla ya pengo: Ormsby, Kuchar, Kennedy, Simsby. Waaustralia wawili na Wamarekani wawili. Baada ya pengo: Chan, Phachara, Kim, Sadom. Mtaiwan, Mkorea na Wathailand wawili. Manne ya kwanza hayakumpata bingwa hata mmoja wa Asia, na manne ya mwisho hayakumpata bingwa yeyote kutoka nje yake.

Mpinzani wangu atasema ni mipaka tu: wageni hawakuweza kusafiri, wenyeji wakabaki wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Ana sehemu ya ukweli. Australia iliwaruhusu raia wake kutoka bila kibali maalumu tarehe 1 Novemba 2021, wiki tatu na ushei kabla ya Blue Canyon, na hakuna nyota wa kiwango cha Kuchar au Rose aliyekuwa radhi kujitia kwenye vipimo na karantini kwa ajili ya mfuko wa zawadi wa dola milioni moja. Hata hivyo, si wenyeji wote waliofaidi. Mabingwa wanne walitoka katika nchi tatu, na nchi hizo zina jambo moja linalofanana. Zote zilikuwa na mizunguko ya ndani iliyoendelea kucheza, hata kama ni kwa kusuasua. Kim alishinda Gunsan CC Open nchini Korea Julai 2020, akashinda SK Telecom Open mwaka uliofuata, na akamaliza 2021 akiongoza jedwali la mapato la nchi yake. Aliporudi Asian Tour hakuwa mtu aliyekaa miezi 20. Alikuwa mtu aliyeshindana wiki baada ya wiki, na wapinzani wake wengi walikuwa wanaondoa kutu.

Fikra yangu, basi, ni kwamba mzunguko wa bara huwa na nguvu ya mizunguko ya nchi iliyo chini yake. Pale chini palipokuwa pamejengwa, janga halikumaliza wachezaji. Pale ambapo mchezaji hana chochote nyumbani zaidi ya uwanja wa mazoezi, janga lilimmaliza. Asian Tour imetumia miaka mingi kutafuta washirika wa juu. Tangu 2016 ilikuwa na makubaliano ya karibu na European Tour, na mashindano kadhaa makubwa ya Asia yalikuwa yanaandaliwa kwa ubia nayo. Novemba 2020, Asia ikiwa bado imelala, European Tour ikatangaza ushirikiano wa kimkakati na PGA Tour. Mshirika akapata mchumba tajiri zaidi. Washirika wa juu ndio waliokuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Ndipo tunafika tarehe 29 Oktoba 2021. Wiki nne kabla ya Blue Canyon, Greg Norman, nyota wa zamani wa gofu kutoka Australia, na kampuni mpya ya LIV Golf, ambayo fedha zake zilitoka kwenye mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, walitangaza kwamba watatia dola milioni 200 kwenye Asian Tour kwa muda wa miaka 10, pamoja na mashindano mapya 10 kila mwaka. Tayari shindano la Saudi International lilikuwa limehama kutoka European Tour kwenda Asia. Februari 2022 ahadi ile ikapandishwa hadi dola milioni 300.

Wengi walioandika juu ya hatua hiyo walisema Asian Tour imejiuza. Nilizisoma hoja zao na nyingine nakubaliana nazo. Rekodi ya haki za binadamu ya Saudi Arabia ni mbaya, na fedha hizo zilikuja kusafisha jina. Ninachokataa ni kusimulia jambo hilo kana kwamba Asian Tour ilikuwa imekaa kwenye kiti cha starehe, ikaletewa bahasha, ikachagua tamaa. Hesabu tarehe. Ahadi ilifika mwezi wa 20 wa ukimya, mshirika wa Ulaya ameshapata mwenzake, wadhamini wametawanyika, alama za wachezaji zimeyeyuka. Mwenye njaa ya siku hizo zote haulizi sana sahani imetoka jikoni kwa nani. Ningependa kuwasikia waliolaumu wakitaja mwingine aliyekuwa mlangoni siku hiyo akiwa na hata sehemu ya kumi ya fedha hizo. Hapakuwa na mtu. Wakubwa wa gofu waliiacha Asia peke yake miezi 20, kisha wakakasirika kukuta ameshaingia mwingine.

Lawama yangu kwa uongozi wa mzunguko iko kwingine. Ile dharura ilikuwa sababu ya kudai masharti mazito zaidi kwa ajili ya wanachama wa chini. Fedha zilizokuja zilijenga ghorofa ya juu: yale mashindano mapya, yaliyoitwa International Series, yenye mifuko ya dola milioni 1.5 na 2, na ngazi ya kumpandisha mchezaji kwenda LIV, ligi ya kampuni hiyo yenyewe. Ghorofa hiyo ni nzuri kwa anayeifikia. Ila msimu tuliotoka kuupitia ulikuwa umeshaonyesha kwamba kinachomwokoa mchezaji siku ya shida ni msingi, yaani ligi ya nchi yake, na huko ndiko ningetaka kuona milioni nyingi zikizikwa ardhini.

Matunda yalionekana mapema, yawe matamu au machungu. Sadom alikwenda St Andrews Julai 2022 kwa tiketi ya ushindi wake wa Singapore, akapiga mikwaju 65 raundi ya mwisho ya The Open na kumaliza kwenye kundi la nafasi ya 11. Kim alikuwa wa tatu kwenye Scottish Open wiki moja kabla ya hapo, akashinda Wyndham Championship Agosti na Shriners Children's Open Oktoba, na Asian Tour ikampoteza moja kwa moja. Scott Vincent wa Zimbabwe, ambaye kipindi kigumu alijishikilia kwa kucheza Japan na kushinda huko Agosti 2021, alitwaa International Series England pale Slaley Hall Juni 2022, akaongoza jedwali la mashindano hayo na kupata nafasi ya LIV ya mwaka uliofuata. Mwafrika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipanda ngazi hiyo mpya ya Asia hadi juu, na sijaona likisemwa vya kutosha huku kwetu. Agosti hiyo hiyo orodha ya ubora wa dunia ilibadilisha hesabu zake na kufuta kiwango cha chini cha alama kilichokuwa kinailinda mizunguko midogo. Mashindano ya Asia yakawa na fedha nyingi kuliko wakati wowote na alama chache kuliko zamani.

Na Ormsby? Ushindi wake wa Fanling, uliomweka kileleni miezi yote ile, ulimlipa dola 180,000. Juni 2022 LIV Golf ilicheza shindano lake la kwanza kwenye uwanja wa Centurion karibu na London, wachezaji 48, bila mchujo, mfuko wa dola milioni 25. Anayeshika mkia alihakikishiwa dola 120,000. Jina la Ormsby lilikuwa kwenye orodha ya wachezaji wale, pamoja na Phachara, Sadom na Vincent.